Mtepe wa sentimita 50 na tanga la mama

Watu wakija kwangu swali la kwanza ni lile lile, hivi vyombo vya baharini vya mfano unauza? Siuzi. Viko saba kwenye shelfu juu ya tivii, ngalawa mbili, mashua moja, majahazi matatu na mtepe mmoja, chombo cha zamani cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ambao ndio hasa nataka kuusimulia leo. Ukutani ziko picha za bahari nilizochora mwenyewe, na kwangu mimi kuunda na kuchora ni hobi moja wala sio mbili, ntaeleza kwa nini.

Nilianza na kuchora. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia karibu na maji, ila kazi iko Dar, kazi ya mahesabu, kutwa nzima namba na jioni mkono unataka kushika kitu kingine. Nikanunua rangi za akriliki na kanvasi ndogo ndogo nikawa nachora majahazi kwa kuangalia picha kwenye simu. Nilichora mengi sana. Ndugu wakasifia, wengine wakaomba wakaweka sebuleni kwao, nikaona basi hapa nimeshajua.

Sasa siku moja niko Bagamoyo ufukweni, pale mafundi wanapounda na kukarabati vyombo, nimekaa chini ya mkungu na picha yangu imefika kama robo tatu, akapita mzee mmoja fundi ana tezo, ile ya kuchongea mbao, mkononi. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akasimama nyuma yangu akaiangalia ile picha muda mrefu bila neno. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, upepo wako unatoka wapi?" Nikamwonyesha, unatoka kulia huku. Akasema, "Mbona bendera huko nyuma kwenye tezi inapepea kuelekea kulia? Tanga lina upepo wake na bendera ina upepo wake. Halafu foromali umeiweka upande wa joshi, tanga lote linajibandika kwenye mlingoti, nahodha gani anasafiri hivyo safari nzima?" Foromali ni ule mti mrefu unaoshikilia tanga, na joshi ni upande upepo unakotoka.

Hakusema kwa ubaya, na ndio maana iliniingia. Akachukua kijiti akanichorea mchangani, chombo kwa juu, mlingoti nukta, foromali mstari mrefu, akanionyesha kwamba foromali na tanga vinakaa upande wa demani, kule upepo unakoelekea, ili tanga lipate nafasi ya kujaa, na chombo kikitaka kugeuka upepo uje upande wa pili lazima mabaharia wahamishe ile foromali yote kuipitisha mbele ya mlingoti, kazi ya watu kadhaa, na kama bahari imechafuka ni kazi ya hatari. Mimi nilikuwa nimechora majahazi zaidi ya thelathini na sikuwahi kujiuliza foromali inakaa upande gani. Nilikuwa naiga umbo tu. Akaniambia, "Kiunde kwanza, hata kidogo cha kuchezea, utaona mwenyewe."

Nikaunda. Video za intaneti karibu zote ni za wazungu wanaounda meli zao kubwa za zamani, HMS Victory ndio usiseme, ile meli ya amirali Nelson wa Uingereza ya mwaka 1765, na kwenye hizo plani unaanza na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, unasimamisha mbavu zote, halafu ndio unazivalisha mbao. Kwa jahazi langu la kwanza nilifuata njia hiyo hiyo. Mbao nilipata kwa seremala jirani, masalia laini anayotupa, nikazipasua vipande vya milimita 2 unene, nikaviloweka maji ya moto vipinde, nikavibana na vibanio vya nguo mpaka gundi ishike. Tanga la kitambaa cha marekani kama wanavyotumia wenyewe, ila nyeupe mpya haipendezi, nikalichemsha kwenye chai ya rangi iliyokolea sana na likatoka na ule unjano wa tanga lililopigwa jua miaka. Kulimaliza ilinichukua wikiendi kama kumi na nne hivi.

Jahazi lilipokamilika nikaliweka mezani, nikazima taa, nikachukua tochi ya simu nikaishika chini upande mmoja kama jua la saa kumi na moja jioni, na feni ya mezani nikaiwasha upande wa pili ndio kaskazi yangu. Tanga likajaa. Na pale nikaona vitu ambavyo picha za simu hazijawahi kunionyesha, kwamba tanga lililojaa sio jeupe hata kidogo, tumbo lake linashika mwanga wa njano, ukingo wa nyuma unapitisha mwanga unakuwa kama ngozi ya ngoma, na kivuli cha mlingoti kinalala juu ya kitambaa kwa mpindo, hakinyooki kwa sababu kitambaa chenyewe kina tumbo. Nikachora usiku ule mpaka saa nane. Picha ile mpaka leo sijampa mtu.

Baadae nikaja kusoma kwamba hata Turner, yule mchoraji wa bahari wa Uingereza aliyefariki 1851, alikuwa na meli za mfano kwenye makasha ya vioo. Nilifurahi sana kuisoma hiyo. Aivazovsky, mchoraji mwingine wa bahari, wa Feodosia kule Krimea, yeye alikuwa tofauti, bahari alikuwa anaichora kwa kumbukumbu ndani ya studio, anasema mawimbi hayakusubiri wewe uyachore, na picha zake zinahesabika kwa maelfu. Mimi kwa maji namfuata Aivazovsky na kwa chombo namfuata Turner. Maji nayaangalia tu, naenda Kunduchi au nikiwa Tanga nakaa Raskazone, sichukui hata penseli, naangalia nusu saa halafu narudi nyumbani kuchora. Kipindi cha kusi, mvua za masika zikishuka, maji ya karibu na pwani yanakuwa na udongo, rangi ya chai ya maziwa, na mstari wa kijani unaanzia mbali. Kaskazi ni kinyume, maji yanang'aa mpaka unaona mchanga, na pale penye majani ya bahari pana doa jeusi ambalo watoto wa mjini wanadhani ni kivuli cha wingu. Mtu akichora bahari yetu bluu tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho mimi moyo unaniuma kweli.

Haya, mtepe.

Mwaka 2008 tulikwenda Zanzibar na shule, tukaingizwa Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho, na pale ndani palikuwa na mtepe mzima mkubwa unaitwa Shungwaya, uliundwa 2003 kwa ajili ya kuonyesha watu maana mitepe yenyewe ilishaisha baharini zamani, karne ya 20 haikufika mbali nayo. Wenzangu walipita, mimi nikabaki. Ilikuwa haina msumari. Mbao zote zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mshono baada ya mshono, kama mtu ameshona kanzu. Omo yake imetoka mbele ndefu kama shingo ya ngamia na ina macho. Na tanga lake sio la pembetatu kama la jahazi, ni la mraba, na ni mkeka! Mkeka kabisa wa kusuka. Hivi vyombo ndivyo Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu walikuwa wakivitumia, wakibeba boriti na mizigo mingine, vinavuja sana kiasi kwamba lazima pawe na mtu wa kuchota maji ngamani, kule chini ndani ya chombo, lakini vikigusa mwamba au fungu la mchanga vinajipinda havivunjiki kwa sababu mshono unacheza. Na vyombo vya kushona huku kwetu ni vya zamani mno, karibu miaka 2,000 iliyopita Wayunani walishaandika habari za mji wa biashara wa pwani hii wakauita Rhapta, na jina lenyewe linatokana na neno lao la kushona.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakapoteza maisha. Nilikuwa Tanga kwa mama, nikaona kwenye simu lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 limefumuka mbele. Nikafikiria wale waliofariki na familia zao kwanza. Halafu usiku nikawa nafikiria ule mshono. Januari nikaanza.

Nikachukulia chombo cha mita 20, nikakipunguza mara 40, sentimita 50. Na hapa ile njia ya video haikufaa kabisa, mtepe unaenda kinyume, gamba kwanza, mataruma, yaani mbavu, baadae. Unashona mbao na mbao mpaka umbo linatoka lenyewe, ndipo unaingiza mataruma ndani na kuyafunga kwa kamba. Yaani hakuna kitu cha kuegemea. Umbo liko kwenye ukingo wa ubao, ukikosea kukata ukingo kwa milimita moja mbele kule tumbo la chombo linakuja kupotoka huku nyuma.

Uzi ulinisumbua. Nilijaribu katani, sisi watu wa Tanga katani ni yetu, lakini ilikakamaa na rangi yake ilikuwa imepauka mno. Nikarudi kwenye makumbi. Kule Jambiani na vijiji vya pwani ya mashariki Unguja kina mama wanayafukia makumbi kwenye mchanga wa bahari miezi kadhaa, yakilainika wanayaponda wanapata nyuzi za kusokota kamba. Mimi niliyaloweka kwenye ndoo wiki sita, harufu yake ni kali na jirani alinigongea mlango, nikamwonyesha ninachofanya akaniruhusu niendelee. Nikachambua unywele mmoja mmoja, nikasokota miwili miwili kwenye paja, ukatoka uzi mwembamba wa kahawia unaofanana kabisa na kamba ya kweli ukiangalia kwa mbali.

Kushona kwenyewe kunakwenda hivi. Unabana mbao mbili ukingo kwa ukingo. Unatoboa kwa kidrili cha mkono, kile cha kuzungusha na vidole, ncha ya milimita moja, tundu huku na tundu linalolingana nalo kule. Juu ya maungio kwa ndani unalaza nyuzi za makumbi, uzi unapita juu yake, unavuta mpaka ukucha wa kidole gumba unakuwa mweupe, na ukiwa umeushikilia hivyo hivyo unachomeka kijiti kidogo kwenye tundu uzi usirudi. Kisha tundu linalofuata. Mishono yangu ilikuwa mirefu 14, kila mmoja una jozi za matundu kama 100, piga hesabu ni karibu matundu 2,800, na nilikuwa naweza jozi 20 kwa jioni moja nikiwa sijachoka.

Mwezi wa tatu ubao wa nne kushoto ukapasuka kwenye mstari wa matundu, wote, kama karatasi ya stempu. Nilikuwa nimetoboa karibu mno na ukingo. Nikafumua mishono ya wiki tatu. Nilikaa siku mbili bila kuugusa, nikaenda Bagamoyo kumtafuta yule mzee, nikamkuta, nikamwonyesha ule ubao. Akaugeuzageuza akasema nyuzi za mti wako zinakwenda sambamba na ukingo, toboa kwa kupishana, moja karibu moja mbali, zisikae mstari mmoja. Tangu siku hiyo haukupasuka tena hata mmoja.

Mataruma, mlingoti, usukani, hivyo vilikwenda haraka. Macho niliyapaka kwa brashi ya nywele tatu, jeupe na jeusi, na baada ya kuyapaka nikashindwa kukiita tena "kitu" kile chombo, kilikuwa kinaniangalia.

Likabaki tanga. Mama yangu anasuka mikeka tangu msichana, nikampigia. Nikamwambia mama nataka kamkeka kadogo sana, sentimita 22 kwa 22. Akaniambia sentimita zako sizijui, niambie kwa mkono. Nikapima, nikamwambia shubiri moja ya kwako. Akanyamaza kidogo akauliza, la kufanyia nini? Nikamweleza. Akauliza upepo unaligonga upande gani, linafungwa juu tu au na chini, mkeka unajikunja ukilowa au unaachwa wazi, maswali ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeyafikiria. Akasema chane za kawaida zitakuwa nene, lazima auchane ukindu upya kwa sindano.

Likaja na basi baada ya wiki mbili, kwenye bahasha, katikati ya kanga iliyokunjwa. Ukili wake ni mwembamba mpaka uukodolee macho ndio uone msuko, na pembe zote nne ameacha vitanzi vya kamba, sikumwomba, amevifikiria mwenyewe. Nikalifunga usiku ule ule. Nikawasha feni spidi namba moja, tanga likavuta, likajaa, na ule mkeka ukalia kidogo, sauti ile ile ya mkeka mtu anapokaa. Nikampigia mama nikaisogeza simu karibu asikie.

Akauliza, "Linashika upepo?"

Nikamwambia linashika, mama.