Nyumba ya mkopo Mtwara: benki ilitazama hati kabla ya kunitazama mimi

Mtwara mtu akikuambia anatafuta nyumba, ana maana anatafuta kiwanja. Atanunua kiwanja, atafyatua tofali, atainua boma, halafu boma litanyeshewa mvua msimu hadi msimu huku yeye amepanga Chikongola na kila baada ya miezi sita anatafutwa na mwenye nyumba. Pita barabara ya kwenda Naliendele uone mapagale yaliyoota mipapai sebuleni. Wenyewe si wazembe. Fedha ya korosho huingia mara moja kwa mwaka, na ikiingia inakuta ada ya shule, deni la dukani na harusi ya mpwa vimeshapanga foleni.

Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nakwenda kukopa benki ninunue nyumba iliyokwisha kujengwa, shangazi alishika kiuno. "Nyumba ya mkopo si yako, mwanangu, ni ya benki." Nikamjibu kwamba na pagale nalo si langu, ni la popo. Alicheka, lakini hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Mume wangu, Baba Salma, ana mikorosho Tandahimba na biashara ndogo ya hapa na pale. Kwa mwaka mzuri yeye huingiza kuliko mimi, ila afisa mikopo alipoangalia taarifa ya akaunti yake, ile inayopokea malipo ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, baada ya mnada wa korosho, alisema kwa upole tu: "Dada, hii ni fedha nzuri, lakini ni ya msimu. Marejesho ni ya kila mwezi." Basi hesabu yote ikarudi kwenye slipu yangu ya mshahara.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa milioni 1.2. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, yaani 60,000. Bima ya afya asilimia 3, 36,000. Kodi ya mapato kama 170,000. Chama cha wafanyakazi 24,000. Inabaki kama 910,000. Mtumishi wa umma haruhusiwi kukatwa mpaka akabaki chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na theluthi yangu ni 400,000. Nafasi niliyokuwa nayo ya kukatwa ilikuwa kama 510,000 kwa mwezi, basi. Miaka miwili nyuma nisingeweza hata kuomba, maana Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu ilikuwa bado inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000 kila mwezi. Nilisubiri deni lile liishe, na katikati ya kusubiri nilikataa kila mkopo mdogo wa mshahara niliopigiwa simu. Kwa mtumishi anayetaka nyumba, ile mikopo ya kununulia sofa ndiyo inayokula nafasi ya nyumba.

Afisa alinipa majedwali mawili ya milioni 30 kwa riba ya asilimia 16 inayohesabiwa kwenye salio, yaani deni lililobaki. Kwa miaka 15, rejesho ni kama 440,600 kwa mwezi. Kwa miaka 10, ni kama 502,500. Baba Salma akavutiwa na la kwanza, na mtu yeyote angevutiwa, ni nafuu ya elfu 62 kila mwezi. Nikatoa kalamu nikazidisha palepale mezani: kwa miaka 15 tungelipa jumla milioni 79.3, kwa miaka 10 milioni 60.3. Elfu 62 kwa mwezi dhidi ya milioni 19. Tukachukua 10.

Nilidhani hapo kazi ngumu imekwisha. Kumbe mshahara ulikuwa sehemu nyepesi. Benki haikukopeshi kwa sababu nyumba ni nzuri; inakukopesha kwa sababu ina karatasi inayoweza kuishika. Na huku kwetu nyumba nzuri ni nyingi, karatasi ndizo adimu.

Dalali wa kwanza alitupeleka Magomeni, vyumba vitatu, maji ya MTUWASA ndani, uwanja wa kuanikia. Hati ipo, akasema, na kweli ilikuwepo, kwa jina la marehemu baba yao. Mirathi haikuwahi kufunguliwa mahakamani. Watoto walikuwa wamekaa kikao na mjomba na wote wameridhia, wana hadi muhtasari wenye saini na dole gumba. Kwa mila ya huku, mjomba akishasema, neno limekwisha. Kwa Msajili wa Hati mjomba si mtu. Anamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Ya pili, Mangamba, ilikuwa na barua ya serikali ya mtaa na mashahidi watano. Eneo halijapimwa. Kwa kununua taslimu watu wananunua hivyo kila siku, lakini kwa rehani ya benki niliyokwenda haikufaa kitu. Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Rahaleo, hati safi, mwenye nyumba yu hai, mke mmoja, kila kitu. Wakili akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye muda wa kumiliki ardhi: miaka 33, na iliyobaki ni sita. Mkopo wangu ni wa miaka 10. Hati ingekufa kabla ya deni. Muda huombewa upya, ndiyo, lakini mwenyewe hakuwa na haraka ya kuomba na sisi hatukuwa na jeuri ya kumsubiri.

Kuanzia hapo nilibadilisha swali. Dalali akipiga simu simuulizi vyumba vingapi. "Hati ya nani, ya miaka mingapi, imebakiza mingapi?" Wengine walikata simu. Aliyebaki hakukata, na ndiye aliyetupeleka Chuno.

Nyumba ya Chuno ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu aliyetaka kurudi Masasi kwenye mashamba yake. Hati ya miaka 66, jina lake, nakala iko kwenye bahasha ya plastiki pamoja na risiti. Bei aliyotaja ilikuwa milioni 48. Ile ilikuwa bei ya enzi za gesi, ile miaka ambayo kila mwenye chumba Mtwara aliamini kampuni za kizungu zitakuja kupanga kwake kwa dola. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015 na wapangaji wa dola wakaondoka, lakini bei vichwani mwa watu zimegoma kuondoka. Hatukubishana naye. Tulimwomba ruhusa fundi wetu aingie aikague.

Fundi yule ni mtu wa maneno machache. Alipita mbele moja kwa moja mpaka jikoni, ukuta unaoelekea baharini. Akachukua msumari akakwangua plasta chini, usawa wa goti, ukadondoka unga mweupe. Akaugusa kwa kidole, akaonja, akatema mlangoni. "Chumvi. Plasta hii ya mchanga wa pwani." Kisha akagonga ukuta kutoka chini kwenda juu kwa kifundo cha kidole, akisikiliza palipo na uvungu, akachora alama kwa mkaa. Ikawa ni ukuta ule mmoja tu, sehemu ya chini. Jiko liliongezwa baadaye kuliko nyumba. Darini akakuta mbao nzima, mabati yameanza kutu kwenye misumari ya upande wa bahari. Mzee alikuwa amesimama anamwangalia, na nadhani tangu alipoona mtu anaonja ukuta wake alijua milioni 48 imekwenda. Tukaafikiana milioni 38, tena kwa sharti kwamba itafuata uthamini wa benki.

Kabla ya kutoa hata senti tulifanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Unajaza fomu, unalipia kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, unajibiwa kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani au hakuna, kuna zuio la mtu au hakuna. Ikarudi safi, isipokuwa kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka kadhaa. Si fedha nyingi kwa kiwanja cha makazi, ila bila kuilipa uhamisho haupiti. Tukakubaliana ikatwe kwenye bei yake.

Mthamini wa benki alikuja akapima, akapiga picha, akauliza majirani wameuza kwa kiasi gani. Thamani ya soko: milioni 37.5. Benki ilikuwa inatoa asilimia 80 ya hapo, ndiyo hiyo milioni 30 yangu. Mzee akasogea akakubali 37.5, nasi tukabaki na milioni 7.5 ya kutoa wenyewe, ambayo ilikuwa ni akiba ya misimu miwili ya korosho. Pembeni yake kuna gharama ambazo jirani yako hakuambii: ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, yaani 375,000, mthamini, wakili, ada ya benki ya kuandaa mkopo, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto. Weka akiba yake kando kabisa, maana zinadaiwa kabla mkopo haujatoka.

Halafu tukakwama. Benki haitoi fedha mpaka hati ihamie kwa jina langu na rehani isajiliwe. Mzee hatoi hati mpaka aone fedha. Tulikaa ofisini kwa wakili, mzee ameshika bahasha yake ya plastiki kwa mikono miwili.

"Binti yangu, hati yangu iende benki, nyumba iandikwe jina lako, na mimi nirudi Masasi na nini?"

Nilimwelewa vizuri sana. Mimi pia nisingetoa. Kilichotuokoa ni barua ya benki yenyewe, iliyoandikwa kwa mzee kwa jina lake, ikiahidi kumlipa kiasi kile kwenye akaunti yake mara tu usajili utakapokamilika. Wakili akamsomea polepole, mzee akaomba arudiwe, kisha akaomba mwanawe wa Dar asomewe kwa simu. Sisi tukaongeza letu: ile milioni 7.5 ikaingia kwake siku ya kusaini mkataba, kwa benki, si mkononi, na mkataba ukasema atairejesha iwapo uhamisho utakataliwa. Hapo ndipo bahasha ikafunguliwa.

Kulikuwa na suala la wake za mzee. Mzee ana wawili, mkubwa akiishi Chuno, mdogo Masasi. Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Ndoa ya 1971 hazichezi na ridhaa ya mwenza kwenye nyumba ya familia. Mzee alitaka asaini mkubwa peke yake, "huyu mwingine nyumba hii haijui." Wakili akasema hapana, mama wa Masasi aje. Alikuja kwa basi, akasaini, akaangalia nyumba kwa mara ya kwanza, akasema jiko lina joto. Kwa upande wetu nilitaka hati iwe na majina mawili, langu na la Baba Salma, ingawa makato ni kwangu. Ndugu zake walishangaa. Yeye hakushangaa; milioni 7.5 ilikuwa ya mikorosho yake.

Kodi ya ongezeko la mtaji nayo ilileta maneno kidogo. Ni ya muuzaji, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote, lakini mzee alisema bei yake ni "ya mkononi" na ya TRA, mamlaka ya mapato, tutajuana wenyewe. Hilo lazima liandikwe kwenye mkataba mapema. Letu liliandikwa, na ikalipwa kutoka kwenye fungu lake. Fomu za uhamisho, kibali, usajili, yote hayo alifuatilia wakili, mimi nilipita mara kwa mara kuuliza tu, kwa sababu jalada lisiloulizwa hulala.

Tulihamia mwishoni mwa 2023. Ukuta wa jikoni tulibandua plasta yote mpaka tofali, tukapiga upya kwa mchanga wa mtoni.

Kuhusu marejesho, nitasema jambo moja ambalo lilimkasirisha Baba Salma. Katika rejesho la kwanza la 502,500, shilingi 400,000 zilikuwa riba. Deni lilishuka kwa laki moja na ushee tu. Mwaka ulipokwisha tulikuwa tumelipa zaidi ya milioni 6, na deni limeshuka milioni 1.3. Alidhani tumeibiwa. Hatukuibiwa, ndivyo salio kubwa linavyokula mwanzoni, na ndiyo sababu fedha ya msimu iliyokataliwa pale mezani ina kazi yake hapa. Msimu ulioanza Oktoba 2024 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Tukapeleka milioni 4 benki, zote kwenye deni la msingi; nilikuwa nimehakikisha kwenye mkataba kwamba hakuna adhabu ya kulipa mapema. Karani akauliza: mpunguziwe rejesho au muda? Muda. Jedwali jipya likakatika kwa zaidi ya miaka miwili.

Sasa tunabishania msimu unaokuja. Yeye anataka uzio, mbuzi wa jirani wamemaliza michungwa yetu. Mimi nataka milioni nyingine nne ziende kulekule. Shangazi, ambaye siku hizi anakuja kulala Chuno karibu kila mwisho wa wiki katika nyumba ya benki, yuko upande wa uzio.