Huku nahesabiwa kila siku, mama Dodoma hahesabiwi

Kila asubuhi nikivuka Daraja la Fremont hapa Seattle na baiskeli yangu, nahesabiwa. Pande zote mbili za daraja kuna nyaya zilizofukiwa njiani ambazo hutambua baiskeli ikipita. Kazi hiyo ilianza Oktoba 2012. Jiji huweka hesabu ya kila saa kwenye intaneti, na yeyote huichukua bila barua wala kibali. Mwaka 2019 baiskeli zilizovuka zilizidi milioni 1.

Usiku mmoja wa baridi nilizipakua takwimu hizo nikazichora. Siku za kazi mstari hupanda mara mbili, kwenye saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Wikiendi hupanda polepole mchana na kushuka polepole, kama kichuguu. Unawaona wanaowahi kazini na wanaojipumzikia, bila kumjua hata mmoja kwa jina. Mwaka 2020, korona ilipowaweka watu majumbani, hesabu zilishuka.

Nikamkumbuka mama. Hutoka Nkuhungu alfajiri kwa miguu kufuata mboga Soko la Majengo. Zipo programu za simu zinazorekodi njia za watembeaji, na miji mingine huzitumia kupanga barabara, lakini mama ana simu ya kitochi. Kijana anayesukuma baiskeli yenye gunia la mkaa naye hamo. Barabara ikipanuliwa, nani atasema walikuwa wanapita hapo?

Inaniuma zaidi kwa sababu mji wetu ulichorwa kwa ajili yao. Mpango Mkuu wa 1976, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, uliwatanguliza watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na mabasi. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 ndani ya Jiji la Dodoma. Inatuambia wanalala wapi. Wanapitaje asubuhi, hilo linahitaji mtu asimame barabarani.

Basi nikampigia mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nina kazi, ila utaniona wa ajabu."

Alikaa kwenye kigoda karibu na duka la jirani, na daftari, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Nilimwambia apige mistari mitatu: wa miguu, wa baiskeli, wenye mizigo. Mwenyewe akaongeza wa nne, wanawake wenye watoto mgongoni, kwa kuwa aliona wao ndio wanaosubiri sana kuvuka. Mimi nisingewaza hilo nikiwa huku. Ukurasa wa kwanza ulijaa kabla ya saa moja.

Sasa tunachora pia vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza njia. Mimi nafuata picha za satelaiti, yeye anapita kwa miguu kuhakikisha. Viwili nilivyochora vimeshazibwa kwa ukuta, tumevifuta.

Jumamosi anarudi kwenye kigoda, kuanzia saa kumi jioni. Nimeshamtumia hela ya daftari la pili.