Gari lilisukuma pua, sisi tukahangaika na mkia

Niliambiwa mwezi mzima, na kila aliyepita na chupa ya soda mkononi: "Mkia wa gari lako mwepesi, ongeza uzito wa mshazari." Nikaongeza. Ushauri ulikuwa mbovu, na aliyeshika spana ni mimi.

Gari lenyewe ni la mbio, Chevrolet Monte Carlo ya miaka ya themanini, springi za koili pande zote nne, ratili 3,200 dereva akiwa ndani. Uwanja ni wa lami, bapa, robo maili, hapa North Carolina. Ni aina ya uwanja wa Bowman Gray wa Winston-Salem, ambako NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, wanazunguka uwanja wa futiboli ya Kimarekani tangu 1949. Kwenye duara fupi namna hiyo gari halipumzikii kona. Likikosea katikati ya kona, mnyooko wote unaofuata umeharibika.

Uzito wa mshazari ni hivi: chukua mzigo wa gurudumu la mbele kulia, jumlisha na wa nyuma kushoto, gawanya kwa uzito wa gari zima. Kwa kuwa kona zote ni za kushoto, asilimia ikipanda gari linakaza na pua inakataa kuingia. Ikishuka, mkia unalegea. Tulianza na 51. Dereva akalalamika kwamba akikanyaga mafuta kutoka kona ya pili mkia unachomoka. Tukapanda 52. Ukachomoka zaidi. Tukafika 53 na nusu, na sasa alikuwa anaokoa gari ukutani kila raundi. Kila tulipoongeza dawa, ugonjwa ulinenepa, na bado sikushtuka!

Kilichoniamsha ni kipande cha tepu nyeupe. Nilikibandika juu kabisa ya usukani, saa sita kamili, nikafunga simu kwenye nguzo ya keji, ile fremu ya mabomba inayomkinga dereva, ipige video ya mikono. Jioni nikaitazama polepole. Gari linaingia kona, tepu inakwenda kushoto hadi saa tatu, gari halikati. Inavuka saa tatu, bado halikati, tairi za mbele zinakwaruza tu. Halafu dereva anakanyaga, kuteleza kwa pua kunapungua kidogo, zile tairi zinauma lami ghafla zikiwa zimekunjwa kupita kiasi, na mkia unaruka. Yeye anakumbuka kuruka tu. Hakuna dereva anayekumbuka alichokuwa anafanya na mikono sekunde moja kabla.

Vipimo vya joto vilikuwa vimeshasema, nikavipuuza. Tairi ya mbele kulia ilirudi na digrii 215 za Fahrenheit, ya nyuma kulia 180. Mkia ukiwa ndio unaoteleza kwa kweli, ya nyuma ndiyo ingeungua. Tumia kipimo cha sindano kinachochoma mpira, si bunduki ya mwanga inayosoma ngozi ya juu ambayo imeshapoa njiani, na anza na mbele kulia kabla gari halijakaa.

Basi tukarudi kwenye mizani. Upepo uwe wa mbio, kwetu psi 16 kushoto na 26 kulia, tangi nusu, dereva kitini na kofia yake. Fimbo ya kuzuia mlalo wa gari ichomolewe upande mmoja. Yetu ilikuwa imefungwa ikiwa imejikunja, na yenyewe peke yake ilikuwa inatudanganya karibu asilimia moja. Sukuma gari mbele na nyuma kabla ya kusoma namba, la sivyo springi zinakaa zimebanwa. Kisha boliti za springi: mbele kulia na nyuma kushoto legeza, mbele kushoto na nyuma kulia kaza, mizunguko sawa, ili urefu wa gari usibadilike. Tuliishia 50 na nusu. Mizani ya kukodi haikuzidi dola mia na kitu, na ningekodi mapema ningeokoa tairi mbili za mbele.

Kuhusu tofauti ya mzingo kati ya tairi ya nyuma kulia na ya nyuma kushoto, kuna waliosema niweke inchi nne. Difu letu limefungwa, magurudumu yote mawili yanazunguka kama kitu kimoja, kwa hiyo tairi ya kulia lazima iwe kubwa. Lakini piga hesabu: mzingo wa kulia inchi 86, upana wa ekseli futi 5, nusu kipenyo cha kona futi 150. 86 mara 5 gawanya kwa 150, unapata karibu inchi 2.9. Hiyo ni kona tupu. Kwenye mnyooko tofauti hiyo inavuta gari kushoto na kula mwendo, ndiyo maana tumebaki na 2. Nne ingeficha ule ugonjwa wa pua, kisha ingetuletea mwingine.

Raundi za majaribio zilishuka kutoka sekunde 16.4 hadi 15.9, tepu ya usukani ikiishia kati ya saa nne na saa tano. Bado kuna jambo moja: tairi za kushoto zenye upepo mdogo zinavimba zikipata moto, na baada ya raundi 25 ile inchi 2 tuliikuta imebaki 1 na robo tatu. Sasa tepu ya kupimia inakaa kando ya jeki, na tunapima tairi zikiwa bado za moto.