Kalamu iliyotafunwa

Leo mchana, tukiwa katikati ya kufunga hesabu za mwaka wa fedha unaoishia Juni 30, nilipita zahanati ya jirani kwa sababu ya kichwa kuuma, nikapimwa shinikizo la damu: 150 kwa 95.

Nilidhani mashine ni mbovu. Muuguzi hakubishana nami. Aliniomba nishushe mabega, ambayo sikujua kuwa nilikuwa nimeyapandisha karibu na masikio, nikae kimya dakika tano, kisha akapima tena: 138 kwa 88.

Ndipo nikaiona kalamu mkononi mwangu.

Kifuniko chake kilikuwa kimetafunwa hadi kupasuka, nami sikumbuki kukitia mdomoni.

Jioni nimetembea kwa miguu kutoka Posta hadi Kariakoo, simu ya kazi ikiwa imezimwa.

Ndugu zangu, nyinyi mkielemewa na kazi, miili yenu huwaambiaje?