Nilivyojizuia kuwarushia watu picha ya diwani nisiyempenda

Sifichi: diwani wetu simpendi. Barabara ya kwetu hapa Moshi inageuka mto kila masika, na yeye tunamwona wakati wa kura tu. Kwa hiyo wifi yangu aliponitumia picha ya ukurasa wa ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, eti diwani kajilipa milioni 46 za madarasa, nilifurahi kwelikweli. Nikafungua kundi la kikoba chetu niwarushie wenzangu.

Kilichonishika mkono ni tarehe. Nilikuwa kwenye meza yangu ya vitenge pale Mbuyuni, nikaikuza picha: "mwaka wa fedha ulioishia 31 Julai." Nimekaa kamati ya shule miaka minne, najua mwaka wa fedha wa Serikali unaishia 30 Juni. Mkaguzi Mkuu akosee hilo? Nikaanza kuisoma upya, polepole. Mstari wenye jina la diwani ulikuwa na herufi nene kuliko mingine, tena umeinama kidogo. Halafu diwani haidhinishi malipo. Afisa masuuli wa halmashauri, yaani mwenye dhamana ya fedha zake, ni mkurugenzi. Sasa angejilipaje peke yake?

Usiku nikanunua bando nikaingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ripoti ya serikali za mitaa ipo pale bure, kurasa nyingi mno. Nikautafuta ukurasa wenye namba ile. Ulikuwa unazungumzia halmashauri ya mkoa mwingine kabisa.

Nikampigia. "Wifi, hii imetengenezwa."

"Lakini si unamjua alivyo?"

Niliumia, maana mchana kutwa nilikuwa najiambia hivyo hivyo. Ninachokijua ni kwamba haonekani mikutanoni. Wizi siujui. Nilimkumbusha pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini yake kwa taarifa za uongo haipungui shilingi milioni 5, ila kilichokuwa kinanikaa rohoni ni watoto wa yule diwani, wanasoma darasa moja na wangu. Wifi akafuta, akawaandikia wote aliowatumia.

Jumamosi nikaenda mkutano wa mtaa na picha nilizopiga mwenyewe, maji yakiwa magotini mbele ya geti la zahanati. Nikauliza mtaro utachimbwa lini. Mtendaji aliziomba zile picha, nikamtumia palepale.