Matumbawe Mlimani: Siku Yangu Moja ya Kazi Clare, Ireland

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya chai nampigia Mama. Lamu sasa ni saa 2:30, keshatoka sokoni. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu. Baridi je huko?" Ni mwezi wa Mei, namwambia, leo tuna nyuzi 12, watu wametoa kaptula.

Saa 2:30. Natoka Ennis, mji mkuu wa Kaunti ya Clare, na wageni 14 kwenye basi dogo. Kusini kwetu ni mdomo wa mto Shannon, magharibi ni Atlantiki. Swali la kwanza ni lile la kila siku: tutafika Majabali ya Moher saa ngapi? Mchana, nasema. Kwanza tunakwenda Burren.

Saa 3:20. Hapa ndipo ninapoipenda kazi yangu. Jina Burren latokana na Kiairishi, maana yake mahali pa mawe, na kweli vilima vizima ni mwamba wa chokaa mtupu, rangi ya kijivu, umepasukapasuka kama tope lililokauka. Wageni husimama wakitazama mbali. Mimi huwaomba wachutame. Ndani ya mipasuko kuna maua ya buluu kali, jentiana, ambayo kwao hasa ni milima ya Alps. Yanachanua kwa sababu ya ng'ombe. Wafugaji wa hapa huwapandisha vilimani majira ya baridi, wakati kwingine huwashusha. Mwamba hutunza joto la kiangazi na maji hayatuami juu yake. Ng'ombe wakishakula majani makavu, maua hupata mwanga wakati wa kuchipua.

Kisha namwagia jiwe maji ya chupa. Likilowa, hujitokeza viduara vyenye mistari ya katikati, vimebanana kama sega la nyuki. Ni matumbawe. Zaidi ya miaka milioni 320 iliyopita nchi hii ilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya joto na kina kifupi. Mgeni mmoja alikuwa ameanza kupanga vijiwe kuwa mnara, nikamsihi avirudishe alipovitoa. Alivirudisha kimoja kimoja.

Saa 4:30. Poulnabrone. Bamba kubwa la jiwe limelala juu ya mawe yaliyosimamishwa, kaburi la zaidi ya miaka 5,000. Wachimbuzi walikuta humo mifupa ya watu zaidi ya 30. Mmoja ni mtoto wa kiume wa miezi kama 6, na mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha alizaliwa na hali ya Down (Down syndrome), yaani kromosomu moja ya ziada. Mifupa yake ilionyesha pia kwamba alikuwa akinyonya. Alipofariki akazikwa hapa, pamoja na wakubwa. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo, siwezi kuunganisha na habari nyingine.

Saa 6:30. Kijiji cha Doolin, supu nzito ya samaki na mkate wa kahawia.

Saa 8. Moher. Ukungu mzito! Tukangoja dakika 40, ukafunguka: ukuta wa mwamba unaofika mita 214 juu ya bahari, na chini ndege waitwao pafini wakirukaruka na midomo yao ya rangi. Mnara wa O'Brien, wa mwaka 1835, ulijengwa kwa ajili ya watazamaji kama hawa. Wageni walifurahi, nami pia. Ila saa moja na nusu yatosha Moher. Burren ningewapa siku nzima.

Saa 12 jioni. Ennis tena. Nimefagia basi, nimejaza mafuta.

Saa 3 usiku, bado kuna mwanga dirishani. Namtumia Mama picha ya lile jiwe lililolowa, bila neno. Kumbe hajalala. Anajibu kwa sauti: "Mbona umepiga picha ukuta wa babu yako? Umekuja lini?"