Fahali wakipatana, nyasi zinapata nini?

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Hapa Nairobi methali hii hutolewa kila uchaguzi unapoleta vurugu, na dawa inayofuata ni ile ile: wakubwa wakae meza moja, nchi itulie. Hebu itazame tena. Inazungumzia ugomvi wa fahali kwa fahali tu. Ugomvi wa nyasi na fahali haumo, na huo ndio ambao wanafalsafa wa siasa za kimapinduzi wameushughulikia zaidi. Anayeichanganya migongano hii miwili hatamwelewa Machiavelli, mwandishi wa siasa wa mji wa Florence, Italia, wala Karl Marx, na hataelewa kilichotokea Kenya kati ya Juni 2024 na Machi 2025.

Naanza na Machiavelli kwa sababu wengi wanamjua kwa kitabu kimoja tu, kile cha ushauri kwa watawala. Katika Discorsi, kitabu chake juu ya Roma ya kale, kilichochapishwa 1531 akiwa tayari marehemu, anasema kila dola ina hulka mbili: wakubwa wanataka kutawala, umma hautaki kuonewa. Hizi hazisuluhishwi kwa mahubiri. Mwaka 494 KK makabwela wa Roma waliususia mji, wakakataa kwenda vitani mpaka wapate watetezi wao, yaani matribuni. Waliokuwa wakiiandika Roma walilaani makelele hayo. Yeye akashikilia kwamba sheria zilizolinda uhuru wa Roma zilizaliwa na makelele hayo hayo.

Wasomaji wengi huishia hapo, wakaondoka wakiamini kila fujo ni neema. Katika historia yake ya Florence, Machiavelli anaonyesha upande wa pili. Roma, mivutano iliishia kwenye sheria. Florence, iliishia kwa watu kuuawa na kufukuzwa mjini. Tofauti ni kwamba umma wa Roma ulitaka kugawana vyeo na wakubwa, ilhali wa Florence ulitaka kutawala peke yake. Na anaongeza jambo ambalo Mkenya yeyote atalitambua: mgongano huharibu nchi pale unapoendeshwa na makundi yenye wafuasi, kila mtu nyuma ya bwana wake.

Marx anaupeleka mgongano chini zaidi, mpaka kwenye mkataba wa kazi. Sura ya kitabu chake Capital (1867) inayohusu siku ya kazi ndiyo ningempa mtu mwenye saa moja tu ya kumsoma. Mwajiri amenunua nguvukazi ya siku nzima, kwa hiyo ana haki ya kuitumia. Mfanyakazi ameuza nguvukazi yake, hakuuza mwili wake uchakae kabla ya wakati, kwa hiyo ana haki ya kuweka kikomo. Hakuna aliyedanganya, hakuna mwizi. Ni haki dhidi ya haki, na kati ya haki zilizo sawa kinachoamua ni nguvu. Ndivyo Uingereza ilivyopata sheria ya 1847 ya saa kumi kwa wanawake na vijana viwandani, baada ya miaka ya kushindana.

Chukua teksi za programu ya simu hapa mjini. Kampuni inakata kamisheni, dereva anabaki na mafuta na mkopo wa gari. Madereva wamezima programu na kugoma mara kadhaa, na kanuni za 2022 zikaweka kikomo cha asilimia 18. Hakuna hesabu ya haki itakayokupa 18. Hiyo ni alama ya mahali ambapo mvutano ulisimama kwa muda, na unaweza kusogezwa na upande wowote wenye nguvu zaidi kesho.

Carl Schmitt, mwanasheria wa Ujerumani, naye alisema siasa ni kutenganisha rafiki na adui. Mwaka 1933 akajiunga na Wanazi, kwa hiyo msome kwa tahadhari. Chantal Mouffe, mwanafalsafa wa siasa kutoka Ubelgiji, alilichukua wazo hilo akalifuga: adui awe mpinzani, mtu unayetaka kumshinda bila kumfuta. Ni wazo zuri, lakini linadai kuwe na uwanja unaopokea mgongano.

Kwa karatasi, Kenya tunao uwanja huo. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda maandamano, ya 41 mgomo, ya 119 maombi Bungeni. Sheria ya utulivu wa umma inamtaka mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi siku 3 hadi 14 kabla, akitaja jina na anwani yake, tarehe, saa kati ya 6 asubuhi na 6 jioni kwa hesabu ya Kizungu, na mahali au njia. Panapoharibika ni hapa: taarifa inageuzwa kuwa ombi la ruhusa. Uwanja ukifungwa hivyo, mpinzani anarudi kuwa adui, na polisi ndio wanaoamua.

Sasa rudi kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya. Vijana waliingia barabarani wakisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Kukataa kabila na chama kulikwepa ugonjwa wa Florence: hapakuwa na bwana wa kufuatwa. Tarehe 25 Juni Bunge likavamiwa na damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia saini mswada. Lakini kukataa kiongozi kulikuwa pia kukataa tribuni. Mswada ulipoondoka, hakukuwa na aliyetumwa kudai linalofuata. Mwezi Julai wanasiasa wa upinzani wakateuliwa katika baraza la mawaziri, na tarehe 7 Machi 2025 makubaliano ya UDA, chama cha Rais, na ODM, chama cha Raila Odinga wa upinzani, yakatiwa saini KICC, Nairobi. Salamu ya mkono ya Machi 2018, kati ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ilikuwa na muundo huo huo: fahali wamepatana, mgongano wa nyasi na fahali haumo kwenye karatasi.

Wanaoniambia dawa ni kuchagua viongozi wa vuguvugu wanafaa kusoma Roma mpaka mwisho. Tribuni alichaguliwa na makabwela peke yao, kwa mwaka mmoja, mtu wa koo za wakubwa haruhusiwi, na kumgusa kwa ubaya kulikuwa kosa la kifo. Kinga zote hizo hazikutosha. Matribuni walipofika kumi, na mmoja akiwa na uwezo wa kuzuia uamuzi wa wenzake, maseneta hawakuhitaji kuwanunua wote. Walimtafuta mmoja.